Moto wa Karamu si Bwana Mifugo

Wakulima wenzangu, mwezi wa Desemba ukikaribia kila boma hapa Nakuru huwa na shughuli yake. Huku ni ruracio, kule ni koito, na jirani anafurahia mwanawe aliyetoka jandoni. Shughuli hizo zote zina swali moja, nalo ni nyama. Mimi ni karani tu katika ofisi ya kilimo, si daktari wa mifugo; lakini yanipasa kusema neno, kwa sababu jambo hili lilipata kutugombanisha nyumbani kwetu.

Mwaka juzi mjomba wangu, aliye upande wa Njoro, alinenepesha fahali kwa ajili ya arusi ya binti yake. Watu 150 walialikwa. Siku mbili kabla ya arusi, alfajiri, fahali alikutwa amekufa zizini, na jioni yake alikuwa amekula vizuri. Tumbo lilikuwa limevimba, na damu nyeusi isiyoganda ilikuwa ikitoka puani na chini ya mkia. Kuni zilikwisha pasuliwa na uchaga wa kubanikia nyama ulikwisha jengwa. Wazee wawili wakashika visu. Walisema nyama bado ina joto, na ikikaa juu ya makaa na moshi kutwa nzima hautabaki ugonjwa wowote.

Nikakataa asiguswe. Mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, kalamu yako imekuwa kubwa kuliko boma langu." Sikumjibu, maana ni mzee wangu. Nilimpigia simu afisa wa mifugo. Alifika, akachukua damu kidogo sikioni bila kumpasua mnyama, na hadubini ikaonyesha kimeta.

Yafaa kila mkulima ajue kwa nini hakumpasua. Vijidudu vya kimeta vikiwa ndani ya mzoga uliofungika huoza pamoja nao na kufa. Lakini damu ikimwagika na kupata hewa, hujigeuza kama mbegu ngumu, na mbegu hizo hukaa udongoni miaka mingi sana zikingoja ng'ombe wa kula nyasi pale. Mtu anayechuna ngozi hupata kidonda cheusi mkononi; anayekula nyama huweza kuugua tumbo na kufa. Tena moto wa choma haufiki ndani ya paja nene kama tunavyodhani, na kabla ya nyama kufika motoni wachinjaji wamekwisha kuishika. Ugonjwa huu si hadithi ya mbali. Mwaka 2015 nyati wengi walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, mlangoni petu hapa. Na wakati wa mvua nyingi kuna Homa ya Bonde la Ufa, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1931 kutoka shamba karibu na Ziwa Naivasha. Nayo humpata mtu kwa damu ya mnyama anayechinjwa mgonjwa, pia kwa mbu.

Sasa nitasema lililowaudhi wengine. Fahali yule hakuhitajiwa hata angekuwa mzima. Nilisomea ualimu, basi na tufanye hesabu. Penye ugali, mukimo, maharagwe na kachumbari, robo kilo ya nyama mbichi yenye mifupa yamtosha mgeni mmoja, tukichanganya wakubwa na watoto. Wageni 150 wahitaji kilo 38 hivi. Mbuzi wa kilo 30 akiwa hai hutoa kilo 13 au 14 za nyama na mifupa. Kwa hiyo mbuzi watatu watosha. Fahali angetoa kilo 150 au zaidi, na nyumba haina friji. Twachinja ng'ombe ili watu waseme tumechinja ng'ombe.

Atakayechinja nyumbani na amwarifu mkaguzi wa nyama siku mbili tatu mbele, ili amtazame mnyama akiwa hai, kisha atazame ini na mapafu. Mnyama aliyepigwa sindano asichinjwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zimalizike.

Kuhusu moto sina mengi, kila ukoo una fundi wake. Kuni kavu za mgunga ni nzuri, na matawi makavu ya mutamaiyu hutoa moshi mtamu. Saiprasi na paini huacha uchungu, na mbao kuukuu zenye rangi au dawa zisitiwe kabisa. Makaa yawe mapole, na mapaja yawekwe saa tatu kabla ya wageni kukaa.

Fahali alifukiwa shimo refu pamoja na chokaa, pakazungushiwa ua. Mbuzi watatu walinunuliwa kwa deni wakakaguliwa. Watu walikula wakashiba, ingawa shemeji mmoja alinung'unika mpaka jua likatua kwamba hakuona kichwa cha ng'ombe. Mjomba bado hulalamika juu ya nyasi nzuri zinazoota bure ndani ya ua ule. Lakini ng'ombe wake sasa huchanjwa kila mwaka, na juma lililopita ndiye aliyenipigia simu kuuliza mkaguzi hufika saa ngapi.