Kisukuku, Kigae na Husuni

Neno akiolojia limekwisha kuzoeleka, na hakuna haja ya kuligombea. Elimukale ipo pembeni yake. Mambo ya kale lilizoeleka zaidi kama jina la idara na la sheria. Nayo malikale, iliyoundwa kwa mfano wa maliasili, ni urithi wenyewe wala si elimu inayouchunguza. Ugumu wa istilahi za fani hii uko chini zaidi, shimoni, pale neno moja la kila siku linapobebeshwa vitu ambavyo mchimbaji lazima avitenge.

Kisukuku hueleweka na wengi kuwa mfupa uliogeuka jiwe. Kwa fuvu alilolipata mwanaakiolojia Mary Leakey huko Olduvai, Tanzania, mwaka 1959, maana hiyo inatosha. Lakini nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita, hazina mfupa hata mmoja, nazo ni visukuku vilevile. Jiwe lililochongwa na kiumbe wa kale, kwa upande wake, si kisukuku bali ni zana. Aliyelichonga huitwa zamadamu, neno zuri lililojipatia makazi. Hata hivyo halitoshi peke yake, kwa kuwa Zinjanthropus, mwenye fuvu hilo la 1959, na Homo habilis waliishi Olduvai zama zilezile wala hawakuwa spishi moja.

Upimaji wa umri ndio unaopotosha zaidi. Kaboni 14 iliyomo katika mabaki ya kiumbe hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na ikipita miaka kama 50,000 huwa imebaki kidogo mno kupimika. Anayeandika kwamba fuvu la 1959 lilipimwa kwa kaboni amekosea. Umri wake, miaka ipatayo milioni 1.75, ulipatikana kwa potasiamu na agoni katika tabaka za volkano mahali lilipolala. Kilichopimwa ni tabaka, si fuvu; basi umri wa tabaka na umri wa kitu yafaa yawe maneno mawili.

Pwani, kigae ni kipande cha chungu, na pia ni kitu cha kuezekea paa. Kigae cha chungu, kigae cha kauri ya China: nyongeza ndogo kama hizi humaliza utata bila kuunda neno jipya. Kuvipa majina vyungu vyenyewe kuna ubishi wake. Vyungu vya milenia ya kwanza vyenye pembetatu zilizochanjwa, mwanaakiolojia Mark Horton aliviweka chini ya jina la Tana, mto wa Kenya. Mwanaakiolojia mwenzake, Felix Chami, akaviita kwa urembo wake. Jina la urembo ni salama zaidi, maana jina la mto huanza kujibu swali la asili ya vyungu kabla halijachunguzwa.

Majina ya mahali nayo yana mtego. Husuni, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ngome. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, jengo la karne ya 14 lenye nyua, vyumba vingi na bwawa la pembe nane, ilikuwa kasri. Jina libaki kama wenyeji walivyolirithi. Maelezo chini ya picha yaseme kasri.