Ushahidi wa Macho Mengi

Juzi binti yangu, ambaye fizikia aliiacha kidato cha pili na sasa analea, aliniuliza: "Baba, mtu kama mimi aweza kuwafaa wanafalaki?" Nikamsimulia kisa hiki.

Mwaka 2007, katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, mwanafunzi Kevin Schawinski alikaa wiki nzima akipambanua picha za galaksi 50,000: hii ina umbo la yai, hii ina mikono iliyojizungusha. Umbo hapo si pambo. Galaksi zenye mikono kwa kawaida zingali zikizaa nyota mpya. Zenye umbo la yai, aghalabu uzazi huo umekoma. Lakini picha zote zilikaribia milioni moja, na kompyuta za wakati ule hazikulifikia jicho la mwanadamu katika kazi hiyo. Yeye na Chris Lintott, pamoja na wenzao, wakaziweka kwenye intaneti kwa jina la Galaxy Zoo, wakawaomba watu wote msaada. Katika mwaka wa kwanza zilipatikana hukumu zaidi ya milioni 50, kila galaksi ikitazamwa na watu wengi ili kosa la mmoja lisiharibu hesabu.

Miongoni mwao alikuwamo Hanny van Arkel, mwalimu wa shule nchini Uholanzi. Aliona doa geni kando ya galaksi moja, akauliza ni nini. Wataalamu nao hawakujua! Baadaye likabainika kuwa ni wingu kubwa la gesi, lililoangazwa na moto wa kiini cha galaksi ile jirani, kiini ambacho tangu hapo kimefifia.

Binti yangu akanikatiza: "Na wengi wakikosea pamoja?"

Swali zuri, na lilitokea kweli. Watazamaji waliripoti kuwa galaksi nyingi zaidi huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Kama ni kweli, ingekuwa habari kubwa mno kuhusu ulimwengu. Wataalamu hawakushangilia, walizigeuza baadhi ya picha, kama zionekanavyo kwenye kioo, wakazirudisha kwa watazamaji wale wale bila ya kuwaambia. Lau ziada ile ingekuwa mbinguni, ingegeuka pamoja na picha. Haikugeuka: walizidi kuona kinyume cha saa vile vile. Mwelekeo ulikuwa katika macho yetu. Hesabu ikasahihishwa, na wale watu hawakufukuzwa kazini.

Binti yangu akamlaza mtoto, akaniomba simu.