"Mtandao unasumbua" si jibu

Uliza ofisi yoyote kwa nini haijajibu barua pepe yako. Utaambiwa: "Mtandao unasumbua." Mimi nasema mara nyingi huo ni uvivu tu.

Barua pepe haipotei hewani kama moshi. Kanuni alizoandika Jon Postel mwaka 1982 zinasema seva ikishapokea ujumbe inabeba dhamana: iufikishe, au imwarifu mtumaji kwamba imeshindwa. Ndiyo ile barua ya Kiingereza ya "Mailer-Daemon" ambayo wengi wetu tunaifuta bila kuisoma. Majibu yamo humo! Namba inayoanza na 4 maana yake subiri, seva itajaribu tena, pengine kwa siku 4 au 5. Inayoanza na 5 maana yake mlango umefungwa: 5.1.1 anwani haipo, 5.2.2 sanduku limejaa.

Ugonjwa mbaya zaidi ni ule usioleta taarifa yoyote. Kuna ofisi moja, jina naliweka kapuni, ilihamishia barua pepe zake kwenye seva mpya. Rekodi ya MX, inayoiambia dunia barua ziende wapi, ikabadilishwa vizuri. Tovuti ikabaki seva ya zamani, na hakuna aliyeiambia seva hiyo kwamba si tarishi tena. Waliotuma maombi ya kazi kwa Yahoo na Gmail walifika. Waliojaza fomu ya tovuti, barua zao zilitumbukizwa humo humo, kwenye sanduku la zamani lisilofunguliwa na mtu. Seva iliona imefikisha, kwa hiyo haikulalamika. Vijana wakasubiri usaili hadi nafasi zikajazwa.

Tiba yake? Kufuta jina la ofisi kwenye orodha ya barua za seva ya zamani. Kazi ya dakika chache!

Na mambo yamezidi kukaza. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanataka kila mtumaji athibitishe jina lake kwa SPF au DKIM. Asiyefanya hivyo ni kama anayetuma barua rasmi bila mhuri. Asishangae ikikataliwa au kutupwa kwenye taka.

Sidai mitambo ya mamilioni. Nadai fundi akihamisha seva atume barua za majaribio kutoka nje, kutoka ndani na kutoka kwenye fomu. Isipofika, asome kumbukumbu za seva. Ikichelewa, asome mistari ya "Received" kutoka chini kwenda juu, ataona imekwama kituo gani. Na bosi naye aulize, "Umejaribu njia zote?" kabla ya kutangaza nafasi za kazi.

Wale vijana hawakushindwa usaili, ndugu zangu. Hawakuitwa kabisa, na mtandao siku hiyo ulikuwa mzima.