Mazishi ya Watu 15

Mpwa wangu alikuwa darasa la nane mwaka 2020 babu yake, yaani baba yangu, alipofariki. Kwa sababu ya korona, serikali iliruhusu waombolezaji 15. Mimi nilikuwamo, yeye alitazama kutoka nyuma ya ua wa michongoma. Wahudumu wa afya walikuja wamejifunika mavazi meupe gubigubi, wakateremsha jeneza, wakafukia, na kabla ya saa nne asubuhi walikuwa wameshaondoka. Ukimuuliza leo anakumbuka nini, jeneza halitaji. Anataja bomba la kubeba mgongoni, mfano wa lile ambalo babu alinyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, siku hiyo likinyunyizia watu.

Shule za Kenya zilipofungwa Machi mwaka ule, deni tulilolitambua lilikuwa la masomo, na tumelilipa kwelikweli. Watahiniwa wa 2020 walifanya mitihani ya KCPE na KCSE Machi na Aprili 2021, mihula minne ikabanwa ndani ya mwaka mmoja, likizo zikawa za siku chache, na Januari 2023 kalenda ikarudi mahali pake. Mwishoni mwa 2021 mabweni ya shule yalipochomwa, tuliita utundu. Sitaki kuisingizia korona kila njiti ya kiberiti. Mabweni yalichomwa hata kabla yake. Lakini katika mikutano ya wazazi niliyohudhuria tulizungumzia karo, sare na tarehe za kufungua. Hakuna aliyeuliza ni nani kati ya watoto hawa amefiwa. Nami sikuuliza.

Husemwa kwamba mtoto husahau. Matanga yapo kwa sababu wazee hawakuamini hivyo: watu hukesha, marehemu husimuliwa mpaka kicheko kinawatoka waliokuwa wakilia, na watoto wamelala palepale katikati ya wakubwa wakisikia yote. Watoto wa 2020 walinyimwa hilo, na hatujawarudishia.

Waandishi wote wa toleo hili walikuwa chini ya miaka 18 mwaka ule. Hatukuwapa mada ya korona; tuliwaomba tu waandike kuhusu nyumbani. Wengi wametuletea kaburi.

Wasomeni bila haraka ya kuwafariji. Nanyi mliokuwa nyuma ya ua, tuandikieni.