Eti Usalama Kazini ni wa Makampuni ya Mjini

Kila kiangazi, mahindi yakishaingia ghalani, Ndalambo na vijiji vingine vya Wilaya ya Momba huanza kujenga. Tanuri za tofali zinawaka, mchanga unamwagwa kando ya viwanja, na fundi mzuri anagombewa na watu watatu. Mwenye nyumba anataka kuezeka kabla ya mvua za Novemba. Kamati ya shule nayo ina boma la darasa lililosimama tangu mwaka juzi. Ukiingiza neno mafunzo ya usalama kazini katika haraka hiyo, unajibiwa papo hapo, na majibu ni yale yale ukiwa Ndalambo, Tunduma au hata Mbeya mjini. Nayachukua moja moja.

"Hiyo sheria ni ya makampuni, hapa kuna mafundi tu."

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, haikusubiri mtu awe na bango la kampuni getini. Inazungumzia mahali pa kazi na watu walio kazini, tena inamlinda hata asiyefanya kazi pale ila anaweza kuumizwa na kazi hiyo. Mtoto anayekatiza kiwanjani kwenda kuchota maji yumo. Mama lishe anayeleta ugali wa mafundi saa saba mchana yumo. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne anatakiwa kuteua kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya. Haya, hesabu timu ya darasa moja: fundi mkuu, wasaidizi wake wawili, saidia fundi watatu. Umeshavuka wanne na bado hujamtaja anayesomba maji. Mwaka 2015 zikaongezwa kanuni za sekta ya ujenzi peke yake.

Ninachokubali ni kwamba fosi akaunti, yaani kamati kujenga yenyewe kwa mafundi wa palepale, imevuruga hesabu. Mwaka 2021 na 2022, kwa fedha za UVIKO, nchi nzima ilijenga madarasa 15,000 kwa shilingi milioni 20 kila moja, na mengi yalijengwa na mafundi wa palepale chini ya kamati za shule. Kwa bei ile huwezi kumlaumu aliyebuni utaratibu. Tatizo linaanza mtu akianguka. Mwalimu mkuu anasema muulizeni fundi, aliyechukua kazi ni yeye. Fundi anasema mimi ni kibarua wa kamati. Kamati inanyoosha kidole halmashauri. Kiwanja kina watu kumi na mwajiri hayupo! Jambo hilo linamalizwa kwa sentensi mbili kwenye mkataba wa fundi, siku ile ile ya kupatana bei: nani anasimamia usalama, na nani analipia. Mikataba ya fundi ninayoijua inataja idadi ya mifuko ya saruji na tarehe ya kukabidhi, basi.

Na kuhusu wanafunzi wanaobebeshwa tofali kwa jina la nguvu za wananchi, jibu ni fupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kwenye kazi yenye mazingira hatarishi, na inataja wazi kwamba hata sekta isiyo rasmi imo. Atakayesema mwanafunzi hakuajiriwa, kwa hiyo sheria haimhusu, ajiulize kama tofali linalodondoka nalo litauliza mkataba.

"Fundi ana miaka ishirini kazini, utamfundisha nini?"

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Fundi wa miaka ishirini anaijua kazi. Anasikia kwa mkono kama udongo una maji mengi, anaona kwa jicho ukuta ulioinama hata kabla ya kushusha timazi. Lakini miaka ishirini ya kupanda jukwaa bovu bila kuanguka haimfundishi mtu kwamba jukwaa ni bovu. Inamfundisha kwamba linafaa. Kila siku inayopita salama inamwongezea imani katika jambo lile lile litakalomwangusha.

Tazama mbao anayokanyaga. Mara nyingi ni ile iliyofungia lenta wiki iliyopita. Imeganda zege pande zote, na chini ya zege hilo kuna matundu ya misumari na pengine ufa unaofuata nyuzi za mti, ambao hakuna jicho litakalouona. Mbao hiyo inapandishwa kwenye mirunda iliyofungwa kwa waya, inawekwa tofali hamsini za kuchoma, kila moja kama kilo tatu, inawekwa karai mbili za udongo, halafu wanapanda watu wawili. Hapo umeshapita kilo mia tatu juu ya mbao ya inchi moja. Ikikatika mtu akiwa mita tatu juu, anafika chini kwa mwendo unaokaribia kilomita 28 kwa saa, na chini kuna mabaki ya tofali na nondo zilizosimama.

Sasa kuna kitu ambacho fundi huyu anaweza kufundishwa asubuhi moja. Mbao ya jukwaa inatengwa na mbao za zege, haichanganywi kamwe. Kabla ya kupandishwa inalazwa juu ya tofali mbili pale chini na watu wawili wanaikanyaga katikati. Ikilia, inakwenda kuwa kuni. Jukwaa linapigwa mbao ya kuzuia upande wa nje, usawa wa kiuno. Ngazi inaegemezwa kwa kipimo cha moja kwa nne, yaani kila mita nne za kwenda juu, miguu yake inatoka mita moja nje ya ukuta, na kichwa chake kinapita juu ya mahali pa kushukia kama mita moja, ili anayeshuka apate pa kushika. Mafundi wengi hodari hawajawahi kuambiwa kipimo hicho. Waliweka ngazi kama walivyomwona mwalimu wao akiweka, na mwalimu naye kama alivyomwona wa kwake. Saidia fundi aliyeanza mwaka huu anarithi ujuzi na kasoro kwa pamoja, bila kujua kipi ni kipi.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini: unapimwa ukiwa fundi, mapengo yanazibwa, unapewa cheti. Hakuna anayerudishwa darasa la kwanza. Kwa kijana wa Ndalambo anayetaka siku moja kufanya kazi kwa mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, cheti hicho ni mkate.

"Udongo wetu mgumu, haubomoki."

Husemwa juu ya shimo la choo. Udongo mkavu wa mfinyanzi husimama wima kama ukuta, na ndiyo maana unadanganya watu. Unasimama mpaka mvua moja inyeshe, au mpaka lundo la udongo uliotolewa liwe zito pale mdomoni mwa shimo. Mita moja ya ujazo wa udongo ina tani moja na nusu au zaidi. Aliyefukiwa hadi kifuani, hata kichwa kikiwa nje, hawezi kuvuta pumzi, kwa kuwa mbavu haziwezi kupanuka. Na anayeruka ndani kumwokoa huwa wa pili kufukiwa. Lundo la udongo liwekwe mita moja au zaidi kutoka ukingoni, kuta zikatwe kwa mteremko au zikazwe kwa mirunda na mbao, ngazi ikae ndani muda wote, na asichimbe mtu peke yake. Vyote hivyo vipo kijijini.

Ndiyo maana dai la kwamba vifaa ni ghali halinisumbui sana. Watu wakisikia usalama wanaona kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, kwa sababu ndivyo vinavyopigwa picha kiongozi akija kuzindua. Kofia ni ya mwisho kwenye mpangilio. Kwanza ondoa hatari, kisha iweke mbali na watu, kisha panga kazi, halafu ndipo uvishe kofia kwa kilichobaki. Kufunga kenchi pale chini kisha kuipandisha ikiwa imekamilika kunapunguza saa za mtu kukaa angani, na hakuna duka linalouza hilo. Kutopanda bati siku ya upepo ni bure. Buti na glavu kweli zinanunuliwa, na mwenye kazi azinunue. Saidia fundi anayelipwa kwa siku hawezi, atakuja na yeboyebo kila asubuhi hadi darasa liishe.

"Saruji haijawahi kuua mtu."

Labda, ila inachoma. Zege bichi lina ukali wa magadi makali, na likikaa ndani ya kiatu kilichotoboka linakula ngozi taratibu bila maumivu ya kushtua, hadi jioni mtu avue na kukuta kidonda. Maji safi na sabuni pale pale kiwanjani, na kuosha mapema. Vumbi la kukata tofali na marumaru nalo lina silika inayokwenda kukaa kwenye mapafu miaka mingi kabla ya kujitokeza. Mwaga maji unapokata.

Kuna wanaosema mafunzo yanachelewesha kazi, na zege halilali. Dakika kumi za asubuhi, watu wakiwa wamesimama, fundi mkuu akisema leo tunafanya nini, nani yuko juu, nani haruhusiwi kupita chini. Muda huo hupotea kila siku kusubiri maji.

Hoja inayonipa shida kuijibu ni ile ya Mungu. "Ajali imepangwa," na wengine huongeza kwamba kazi kubwa lazima imle mtu. Sina ugomvi na imani ya yeyote, na msibani si mahali pa kubishana. Ila naona kwamba anayesema hivyo bado anafunga stoo ya saruji kwa kufuli mbili.

Reli ya TAZARA, inayovuka kwenda Zambia hapa hapa Tunduma, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika kazi ile, mbali na Watanzania na Wazambia, na wengi wa hao Wachina wamelala kwenye makaburi ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Wakati ule ungeweza kusema ndivyo kazi ilivyo. Lakini London ilijenga viwanja vya Olimpiki ya 2012, kazi ya maelfu kwa maelfu ya vibarua, madaraja na vyuma virefu, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwenye ujenzi wa eneo lile. Walipanga, walisimamisha kazi palipokuwa na shaka, na kila mgeni alifundishwa kabla ya kushika koleo. Kwetu tunayakumbuka mengine. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 16, 2024 jengo la Kariakoo likaanguka asubuhi ya biashara. Nani alipanga yale? Waliochimba, waliomwaga zege na waliopitisha.

"OSHA wakija watatutoza faini tu."

Hapa lawama inakwenda pande mbili. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, ulianzishwa 2001, na kwa Nyanda za Juu Kusini watu wake wako Mbeya. Mkaguzi wa Mbeya hawezi kuona kila boma la Ndalambo, Nkangamo na Kapele, na mtu ambaye humwoni ila siku ya adhabu ni vigumu kumpenda. Hilo ni la wakala kujirekebisha, na mafunzo ya mafundi yafanywe kwenye tarafa, siku ya mnada, badala ya ukumbi wa hoteli mjini. Lakini woga wa gharama umepitwa na wakati. Ada ya kusajili mahali pa kazi iliondolewa mwaka 2018. Kuandikisha kiwanja chako ni kujaza fomu.

La mwisho husemwa kwa moyo mwema kabisa: "Akiumia tutachanga."

Watachanga, nimeona michango ya kweli. Inatosha nauli ya kwenda hospitali ya rufaa Mbeya na wiki ya kwanza. Aliyevunjika nyonga anahitaji miezi, na wanaomtegemea wanakula kila siku ya miezi hiyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015 chini ya sheria ya 2008, unalipia matibabu, unalipa asilimia 70 ya mshahara kwa aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda, na akifa unalipa mazishi na pensheni ya wategemezi. Anayechangia ni mwajiri, si kibarua. Mchango wa sekta binafsi ulianza asilimia 1 na umeshushwa hadi nusu asilimia ya mishahara. Tuseme ufundi wa darasa moja unagharimu shilingi milioni nne: mchango wake ni shilingi elfu ishirini. Kamati inayoketi mwezi huu kupatana na fundi iuandike kwenye orodha ya vifaa, chini ya misumari ya bati.