Bendera Iliyochakaa

Mwezi uliopita nilipita asubuhi mbele ya shule moja, saa ile watoto wanapopanga mistari na kuimba wimbo wa taifa. Waliimba vizuri, mikono imenyooka, macho yakitazama juu. Lakini kile walichokitazama kilinihuzunisha. Buluu ya mbingu ilikwisha kuwa nyeupe kwa ukali wa jua, mstari mwekundu haukutambulikana tena, na upande wa mbali na mlingoti ulikuwa umechanika vipande vipande kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Nilipomwuliza mwalimu, alinijibu kwa unyofu: «Bendera mpya tunayo sandukuni, Baba. Lakini hii ya zamani nitaitupa wapi? Naogopa kuitupa.»

Swali lake si la kuchekwa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imetaja rangi za bendera yetu, na watoto wetu hufundishwa kwamba ule mwekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi. Nani basi atakitia kitambaa hicho katika takataka, au kupangusia meza? Kwa kuogopa kuidharau bendera, mwalimu huyu aliiacha idharauliwe kila siku mbele ya watoto mia.

Mataifa mengine yalikwisha kutafuta jibu. Katika Marekani, tarehe 14 Juni 1923, wajumbe wa vyama vingi walikutana Washington wakaandika kanuni za bendera, na mwaka 1942 Bunge lao lilizifanya kuwa sheria. Kanuni hizo zinasema kwamba bendera isiyofaa tena kuonyeshwa iharibiwe kwa heshima, na iliyo bora ni kuichoma moto. Chama cha askari wa zamani, American Legion, kina ibada yake kwa kazi hiyo tangu mwaka 1937: bendera hukaguliwa kwanza mbele ya watu, ndipo hutiwa motoni. Wahindi nao, katika kanuni zao za mwaka 2002, wanaagiza bendera iliyoharibika iteketezwe nzima, tena faraghani. Hao hufanya hadharani, hawa hufanya kwa siri. Lakini wote wanachagua moto.

Utaniambia: wanaoitukana bendera nao si huichoma? Ndiyo. Mwaka 1984, katika mji wa Dallas, mtu mmoja aliichoma bendera ya Marekani kwa hasira mbele ya watu. Mwaka 1989 Mahakama Kuu, waamuzi watano dhidi ya wanne, ikakata kwamba hawezi kuadhibiwa kwa tendo hilo. Ni nchi ile ile ambayo sheria yake yataka bendera kuukuu ichomwe! Lakini tazameni mambo ya kwetu. Mzee akifa, tunamwosha, tunamvika sanda, tunamzika. Mwuaji naye humfukia mtu shimoni. Udongo ni mmoja, na hakuna mtoto asiyejua tofauti.

Basi nilimshauri mwalimu hivi. Ishushwe taratibu, ikunjwe, isikatwe kuwa matambara. Ichomwe nzima, mashahidi wawili au watatu wakiwapo, hata isibaki kipande, na majivu yafukiwe. Lakini angalieni: bendera nyingi za sokoni siku hizi si za pamba, ni za nailoni au poliesta. Kitambaa hicho huyeyuka, hudondoka matone ya moto, na moshi wake ni mbaya kwa kifua. Moto uwashwe nje, watoto wasimame mbali, upande unakotoka upepo. Kwa bendera ya namna hiyo mimi ningependa zaidi kuitia katika kisanduku na kuizika. Nanyi akina mama mnaoshika sindano, mnaweza kuiongezea maisha: nyuzi za pindo zikianza kulegea tu, ikunjeni na kuishona, msingoje ichanike.

Kuna neno lingine, kwa wale wenye masanduku ya zamani. Nchi yetu imebadili bendera mara kadhaa. Ile ya buluu yenye nyota kubwa na nyota sita ndogo ilipandishwa siku ya uhuru, mwaka 1960. Ile ya kijani yenye mwenge ilikuwa ya Zaire, tangu 1971 hata 1997. Hizo hazikustaafishwa na jua wala mvua, bali na sheria. Ukiwa nayo moja, tafadhali usiichome. Ikunje vizuri, iwekee dawa ya wadudu, wajukuu wako waione.

Mwalimu alingoja siku ya posho jioni. Aliwaita wanafunzi wa darasa la mwisho tu, na wazee wawili wa kamati ya wazazi. Bendera ilikuwa ya pamba, iliwaka upesi. Mzee mmoja alivua kofia bila kuambiwa, na wavulana wakavua zao.