Mpango wa Shimo Uonekane kwa Macho

Ni nani katika Unguja asiyeyajua mashimo ya mchanga? Nyumba zetu na skuli zetu zimejengwa kwa mchanga uliochimbwa mashambani, na pale ulipotoka minazi iliangushwa na udongo wa rutuba ukaondoka. Masika yakishika, shimo huwa ziwa. Mchimbaji naye huahidi kwamba ardhi itafukiwa na kupandwa. Ahadi huchorwa katika karatasi, na karatasi hiyo, tuseme kweli, mkulima haielewi, wala baadhi yetu tunaoipitisha hatuielewi.

Leo kompyuta yaweza kuchukua vipimo vya ardhi na kuchora shimo, kilima na mti kwa umbo kamili. Mtu akivaa miwani maalumu hujiona amesimama katikati ya shamba ambalo bado halijakuwapo. Ndio uitwao uhalisia pepe. Sisi hatuanzi mikono mitupu. Tangu mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walivipiga picha visiwa vyetu kwa ndege zisizo na rubani, na picha hizo zikiunganishwa hutoa miinuko na mabonde yote.

Lakini picha nayo yaweza kusema uwongo, tena kwa uzuri zaidi kuliko karatasi. Huko Bamburi, Mombasa, Rene Haller alipoanza mwaka 1971 kuotesha miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, alijaribu aina 26 na zikastahimili tatu tu, mvinje ukiwamo. Hata majani ya mvinje hayakugeuka udongo mpaka walipoletwa majongoo. Mchoraji asiyeujua mwamba wa matumbawe angewaonyesha watu msitu wa aina zote 26!

Kwa hiyo tunadai kwamba picha ionyeshe mwaka wa kwanza, wa tano na wa ishirini, na maji ya masika yafike wapi. Ionyeshwe kwanza kijijini, kina mama wanaolima hapo wakiwamo, kabla ya kibali kutiwa saini, si baada yake. Nakala ibaki kwa sheha. Siku gari la mwisho la mchanga litakapoondoka, wanakijiji waivae tena miwani hiyo ukingoni mwa shimo, kisha waivue, na mchimbaji awe amesimama papo hapo kujibu.